Ua unalolitafuta ndani ya tone la umande halimo ndani ya tone

Swali la msomaji wa Lushoto, kwa ufupi: "Shikamoo mwalimu. Asubuhi napiga picha za matone ya umande kwenye shamba letu. Nina kamera ya sensa ya APS-C (kile kipande kinachopokea mwanga, chenye upana wa milimita 23 hivi), lenzi ya milimita 50 na seti ya tyubu za kurefusha lenzi za milimita 12, 20 na 36, ambazo nazifunga zote tatu kwa pamoja. Nataka ua lionekane ndani ya tone, kama picha ninazoziona kwa wenzangu. Nikilenga tone, ua linafifia. Nikilipata ua, tone lote linageuka ukungu. Nimebana tundu la lenzi hadi f/22 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), picha ikazidi kufubaa. Rafiki ananishauri ninunue lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 100. Je, hiyo ndiyo dawa? Na mbona siku nyingine nadamka, umande haupo kabisa?"

Marahaba, mwanangu. Lenzi usinunue kwanza. Itakufaa siku nyingine kwa kazi nyingine, lakini shida uliyoieleza haitaiondoa, kwa sababu haitokani na lenzi yako. Inatokana na mahali taswira ya ua ilipo. Wewe unaitafuta ndani ya tone, nayo haimo humo. Iko hewani, upande wako, kati ya tone na kamera.

Tone la maji ni lenzi mbinuko. Mwanga wa ua lililo nyuma hupinda unapoingia majini, hupinda tena unapotoka, kisha miale hukutana mbele ya tone na kujenga taswira halisi, iliyopinduliwa juu chini. Maji hupinda mwanga kwa kipimo cha 1.33 hivi, na ukipiga hesabu ya tufe la maji kwa kipimo hicho unapata jibu rahisi kulikumbuka: mwanga wa kitu kilicho mbali hukutana kwenye umbali unaolingana na kipenyo kizima cha tone, ukianza kupima katikati yake. Chukua tone la milimita 4. Taswira iko milimita 4 kutoka katikati ya tone, yaani milimita 2 nje kabisa ya uso wake. Nao ukingo wa tone, ule mduara unaolitenga na mandhari ya nyuma, uko kwenye usawa wa katikati. Kwa hiyo kati ya ukingo unaoutaka uwe mkali na ua unalolitaka liwe kali pana milimita 4 nzima. Ua likisogezwa karibu na tone, taswira yake inazidi kuja upande wako na pengo linaongezeka kidogo.

Kama huamini, tafuta gololi ya kioo isiyo na rangi. Simama ndani ya chumba chenye dirisha moja, ishike gololi karibu na ukuta ulio mkabala na dirisha, kisha isogeze taratibu mbele na nyuma. Kuna mahali dirisha zima litajichora ukutani, dogo na limepinduka, huku gololi yenyewe haijaugusa ukuta. Kioo hupinda mwanga zaidi ya maji, ndiyo maana pengo la gololi ni dogo kuliko la tone linalolingana nayo, lakini utaratibu ni uleule. Mwanzoni mwa karne ya 14 mwanazuoni wa Uajemi, Kamal al-Din al-Farisi, alijaza maji tufe la kioo ili lisimame badala ya tone moja la mvua, akafuatilia njia ya mwanga ndani yake hadi akaeleza upinde wa mvua unavyotokea. Wewe unafanya jaribio lake, ila tufe lako ni dogo na lipo shambani.

Sasa tuje kwenye hesabu ya vifaa vyako. Tyubu zote tatu zinafika milimita 68. Ukigawanya kwa 50 za lenzi, ukuzaji wako ni kama mara 1.36: kitu cha milimita 10 kinachorwa kwa milimita 13.6 kwenye sensa. Kwenye ukuzaji huo, kwa f/8, unene wa eneo linalotoka kali ni kama milimita 0.4 tu. Una 0.4 mkononi na pengo la kuziba ni 4. Hakuna lenzi duniani itakayokuzibia pengo hilo kwa pozi moja, yaani kwa kubonyeza mara moja, kwa ukuzaji huo, iwe ya bei gani, kwa kuwa unene huo unaamuliwa na ukuzaji na tundu. Jina lililoandikwa kwenye lenzi halimo katika hesabu.

Na ile f/22 iliyokufubazia picha? Lenzi ikisogezwa mbali na sensa kwa tyubu, tundu hujidogosha kwa kadiri ya ukuzaji. Zidisha namba ya tundu kwa ukuzaji pamoja na moja: 22 mara 2.36 ni karibu 52. Ulikuwa unapiga kwa f/52. Mwanga unaopita kwenye tundu dogo kiasi hicho hutawanyika kwenye kingo zake, na kila nukta ya picha inageuka kidoa. Kubana tundu zaidi ya hapo ni kuongeza ukali wa kina huku ukiula ukali wa picha nzima. Kwa tyubu zako zote tatu, mimi nisingevuka f/8.

Njia ya kwanza ya kutoka hapo watu huipuuza kwa sababu inaonekana kama kurudi nyuma: punguza ukuzaji. Vua tyubu ya 12 na ya 36, baki na ile ya 20 peke yake. Sasa uko kwenye mara 0.4, na lenzi ikizungushwa hadi mwisho wa kulenga karibu, unagusa nusu hivi. Kwa mara 0.5 na f/11, unene wa eneo kali unafika kama milimita 2.6. Tafuta matone ya milimita 2 au chini yake. Pengo kati ya ukingo wa tone na taswira ni kipenyo chake, yaani milimita 2, kwa hiyo vyote viwili vinaingia kwenye pozi moja, mradi fokasi uiweke katikati ya hapo, hewani mbele tu ya uso wa tone. Usiiweke kwenye ukingo wala kwenye ua. Fokasi ya kujiendesha haitaweza kazi hiyo. Izime, kisha sogea wewe na kamera mbele na nyuma mpaka vyote viwili vionekane kukubaliana kwenye skrini iliyokuzwa.

Zile picha unazozionea wivu, zenye unyasi mmoja uliobeba matone matano na kila moja lina ua lake, nyingi zimepigwa hivyo. Mpigaji hakukaribia kuliko wewe. Alikuwa mbali kuliko wewe, akatumia matone madogo, kisha akakata picha nyumbani. Kwa kamera ya pikseli 6,000 kwa upana, tone la milimita 2 kwenye ukuzaji wa nusu linapata pikseli zipatazo 250. Kwa tone moja peke yake hizo hazitoshi kuchapa picha kubwa ya ukutani. Kwa mstari wa matone kwenye unyasi zinatosha kabisa, na binafsi mstari wa matone hunivutia kuliko tone moja lililojaza fremu kama taa ya sebuleni.

Lakini ukitaka tone moja kubwa, njia ni pozi mbili au zaidi. Bahati nzuri ni kwamba ukingo wa tone na taswira ya ua havikaliani: ukingo unazunguka pembeni, ua liko katikati. Kwa hiyo hata fremu mbili tu zinaweza kuunganishwa vizuri: moja umelenga ukingo na jani lililoshika tone, ya pili umelenga ua. Zipandanishe kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, linganisha ukubwa wake kwa sababu fokasi ikihama ukuzaji nao hubadilika kidogo, halafu futa kwa brashi laini katikati ya fremu ya juu ili ua la fremu ya chini lichungulie. Ukitaka na mwili wa tone utoke mkali kuanzia nyuma hadi mbele, piga mfululizo wa fremu kumi na kitu, ukisogea robo au theluthi ya milimita kila mara, na uziunganishe kwa programu ya kazi hiyo. Helicon Focus na Zerene Stacker ni za kulipia na zinafanya kazi vizuri. Kusogea kwa robo milimita hakufanyiki kwa mkono. Panahitaji reli ya kusogezea kamera yenye skrubu, inayofungwa juu ya tripodi. Asiye na reli anaweza kuweka kamera kwenye kupiga mfululizo, akaegemea mbele polepole huku kidole kimebonyeza, kisha akachagua fremu mbili zinazofaa. Ni njia ya kubahatisha, ila hufanya kazi asubuhi isiyo na upepo.

Upepo huo ndio adui wako mkubwa. Kwenye ukuzaji wa aina hii, unyasi ukitikisika milimita moja umeshatoka nje ya ukali. Chomeka kijiti ardhini kando ya shina na ukibane pamoja nalo kwa kibanio cha nguo, chini ya tone, wala si karibu nalo maana mtikiso wa kubana utaliangusha.

Ua la nyuma liweke wapi? Kipimo cha kukumbuka: upana wa taswira ni upana wa ua mara kipenyo cha tone, gawanya kwa umbali kati yao. Ua la sentimita 5, likiwa sentimita 10 nyuma ya tone la milimita 4, linachorwa kwa milimita 2, nusu ya upana wa tone, na huo ndio ukubwa unaopendeza. Likikaribia hadi sentimita 4, taswira inazidi tone lenyewe na utaona petali za katikati tu. Kwa matone madogo ya milimita 2, ua hilohilo likae sentimita 10 zilezile nyuma, maana taswira inapungua pamoja na tone. Uso wa ua uelekee kwenye tone. Kama shina linaonekana, ligeuze ua kichwa chini, maana tone litaligeuza tena. Na ua lipate mwanga wake lenyewe: likiwa kivulini, ndani ya tone utaona doa jeusi hata kama umelenga sawasawa. Hapo Usambara najua kishawishi ni Saintpaulia, yale maua ya zambarau ambayo Hermann Wendland aliyaelezea kisayansi mwaka 1893 kutokana na mimea iliyotoka kwenye milima yenu. Yale ya msituni yaache mahali pake, kwa kuwa makazi yake ya asili yanazidi kupungua. Ya chungu yanafaa, na hubebeka hadi bustanini.

Kuhusu umande kutokuwepo: umande hautoki juu kama mvua. Usiku jani hupoteza joto lake kuelekea angani, likapoa kuliko hewa inayolizunguka, na mvuke wa hewa hiyo ukigusa jani baridi hugeuka maji. Kwa hiyo unahitaji anga jeupe, hewa iliyotulia na yenye unyevu. Mawingu yakifunika usiku, yanalirudishia jani joto. Upepo nao unaleta hewa ya vuguvugu kila mara, jani halipoi. Chini ya mti ni vilevile, matawi yanakuwa kama wingu. Tafuta sehemu iliyo wazi, mimea iliyo karibu na ardhi, asubuhi inayofuata usiku wa nyota nyingi baada ya siku ya mvua. Jioni ukiona mawingu yanajikusanya juu ya milima, lala.

Kuna maji mengine, ambayo kwa picha yako ni bora kuliko umande, na pengine unayapita kila siku. Angalia ncha za nyasi changa, za mahindi machanga, au meno ya jani la stroberi: utakuta matone makubwa yaliyopangana moja kila ncha, huku sehemu nyingine ya jani ni kavu au ina vitone vidogo mno. Hayo hayakutoka hewani. Mmea wenyewe umeyatoa. Usiku vinyweleo vya jani vikiwa vimefungwa na udongo una maji mengi, mizizi inaendelea kusukuma maji juu, nayo hutokea kwenye vitundu maalumu vya ukingoni. Jani la magimbi hufanya hivyo pia kwenye ncha yake, na ukikaa mbele yake utaona tone linavimba, linaanguka, na jingine linaanza. Uzuri wake ni kwamba haya unaweza kuyaandaa bila kudanganya mtu: mwagilia tuta vizuri jioni, asubuhi matone yatakuwepo hata kama anga lilikuwa na mawingu. Yana chumvichumvi na sukari kidogo, kwa hiyo yakikauka huacha doa jeupe kwenye ncha.

Umbo la tone nalo linategemea jani. Matone ya chini ya milimita 2 hubaki karibu na mviringo kwa sababu mvutano wa uso wa maji unayashinda nguvu za uzito. Yakizidi hapo yanaanza kubonyea, na hesabu yangu ya tufe inageuka kuwa ya makadirio. Kwenye jani laini linalolowa, maji hutandazika na hakuna lenzi hapo. Kwenye jani la magimbi, la kabichi au la sukuma wiki, kuna chembe za nta ndogo sana zinazolinyanyua tone, likakaa juu ya hewa. Ndiyo maana tumbo la tone hung'aa kama fedha ukilitazama kwa ubavu. Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis walionyesha mwaka 1997, wakitumia jani la lotus, mmea wa majini unaofanana na yungiyungi, kwamba tone la aina hiyo likibiringika huzoa uchafu na kuliacha jani safi. Kwako maana yake ni moja: usiliguse jani. Kidole kikishapita, nta imeondoka, na pale tone halitakaa tena vizuri.

Mwanga sina mengi ya kusema, isipokuwa moja. Tone ni kioo pia, na linaonyesha karibu kila kilicho mbele yake, pamoja na wewe. Vaa nguo nyeusi au ya kijani iliyokolea. Ukitumia flashi, umbo lake litaonekana juu ya tone kama nukta nyeupe kali, kwa hiyo ifunike kwa kitu kipana kinachopitisha mwanga, hata karatasi nyeupe ya kuokea iliyotandazwa kwenye fremu ya waya. Jua la nyuma, likiwa bado chini, halihitaji flashi wala hila nyingine. Linakuachia kama saa moja hivi, kisha matone madogo yameshakauka na ya nchani ndiyo yamebaki.

Utasikia habari ya gliserini ya duka la dawa, kuichanganya na maji ili matone yasikauke. Ni kweli hayakauki haraka. Pia hupinda mwanga zaidi ya maji: mchanganyiko wa nusu kwa nusu unaisogeza taswira karibu na tone, na pengo lako la milimita 4 linashuka hadi milimita 3.5 hivi. Mezani, kwa ua la chungu, sina ugomvi nayo. Shambani siipendi, maana inabaki kwenye jani na kunata miguu ya wadudu. Na picha ya gliserini usiiandike "umande wa asubuhi", hasa kwenye shindano la picha za asili.

Basi turudi kwa rafiki yako. Lenzi ya makro ya milimita 100 itakupa jambo moja ambalo tyubu hazikupi, nalo ni nafasi. Kwa mpangilio wako wa sasa, lenzi iko sentimita chache tu kutoka kwenye tone, inaliwekea kivuli na inamfukuza mdudu. Ile ya 100, kwenye ukuzaji wa mara 1, inakuachia zaidi ya sentimita kumi. Kama mpango wako ni kerengende na buibui, weka akiba uinunue. Kama ni ua ndani ya tone, anza kesho na tyubu ya 20, f/11, na nyasi za kando ya tuta ulilomwagilia. Na fedha ya kwanza ukiipata, inunulie reli.